Skana ya dola 12 na giaboksi iliyosemwa imekufa: miezi 14 ya matumizi Bukavu

Nianze na bei, kwa kuwa ndilo swali la kwanza la kila anayeniona nayo mkononi: dola 12, hapa hapa Bukavu, kwenye vibanda vya vifaa vya simu. Ni kile kidude kilichoandikwa ELM327, kinaenea kwenye kiganja. Unakichomeka chini ya usukani, simu yako inaanza kusoma kompyuta ya gari kwa bluetooth. Nilikitafuta wiki ile fundi aliponiambia kwamba bwate ya gari letu imekufa na lazima tuweke nyingine.

Bwate ndivyo tunavyoiita huku kwetu. Wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi mnasema giaboksi, nami nitaandika giaboksi tuelewane sote.

Gari ni RAV4 ya mwaka 2003, petroli, otomatiki ya gia nne, usukani wa kushoto. Lilitoka Ubelgiji kwa mkono wa shemeji yangu. Kutoka kwake Ulaya kuna maana kubwa katika habari hii, nitaieleza mbele. Mimi nafundisha fizikia sekondari, lakini anayelitegemea gari hasa ni mama watoto. Kila baada ya wiki mbili anashuka Kamanyola kuchukua mchele wa uwanda wa Ruzizi, anapanda nao tena kupitia Ngomo. Aliyewahi kupita Ngomo anajua: kona juu ya kona, mlima upande huu, korongo upande ule, na lori linaloshuka halina pa kukupisha. Gari likigoma pale, umegoma na barabara nzima. Kwa hiyo jioni aliporudi na kuniambia, "Baba watoto, hili gari linaondoka kama limefungwa kamba nyuma," sikulala vizuri.

Kesho yake nikaliendesha mwenyewe kupanda Kadutu. Kweli. Ukiweka D, lilikuwa zito kuanza, kama mtu anayeondoa gari la gia za mkono kwa gia ya tatu. Injini inalalamika, gari linajikokota, kisha katikati ya mwendo linapiga teke moja mpaka kichwa kinagonga kiti. Kurudi nyuma lilirudi vizuri tu. Taa ya injini, ile ya rangi ya chungwa, ilikuwa imewaka.

Gareji niliyolipeleka ni ya watu ninaowajua. Fundi alizunguka nalo mara moja, akarudi, akafungua boneti, akachomoa waya wa betri kwa dakika kumi ili, kama alivyosema, kompyuta ipumzike. Taa ikazima. Akaniambia nijaribu siku mbili. Siku ya pili asubuhi taa ikawaka, teke likarudi. Hapo ndipo akatoa hukumu: giaboksi. Kutoa na kuweka iliyotumika, dola 900 kwa jumla, nusu mbele. Hakuwa amechomoa hata kijiti cha kupimia mafuta. Sisemi alikuwa mwizi. Nadhani aliamini alichosema, maana kwa mafundi wengi wetu waliofunzwa kwenye gia za mkono, otomatiki ni sanduku lililofungwa, na sanduku lililofungwa likisumbua linabadilishwa zima. Lakini dola 900 kwa familia ya mwalimu ni mwaka mzima wa kujibana.

Jambo moja nilikuja kulielewa baadaye, nalo liwasaidie wengine: kile kitendo cha kuchomoa betri kilifuta ushahidi. Kompyuta inapoona hitilafu huandika namba, yaani kode, na pamoja nayo hupiga kama picha ya dakika ile: gari lilikuwa na mwendo gani, injini ikizunguka kiasi gani, ikiwa na joto gani. Ukichomoa betri, vyote vinaondoka. Mtu asiguse betri ya gari lako kabla kode haijasomwa na kuandikwa kwenye karatasi.

Sasa kidude chenyewe. Nilinunua viwili. Cha kwanza kilikuwa cha dola 6, hakina jina la kiwanda, kibandiko kimeandikwa toleo 2.1. Simu ilikiona, ikaomba namba ya siri (ni 1234 au 0000 karibu kwenye vyote), ikaungana, kisha ikakatika. Ikaungana, ikakatika. Nilikaa nacho ndani ya gari jioni nzima mpaka betri ya simu ikaisha. Nilipokirudisha, muuzaji alisema bidhaa iliyofunguliwa hairudi.

Chipu ya asili ya ELM327 ilitengenezwa na kampuni ya Kanada, Elm Electronics, ambayo ilifunga shughuli zake mwaka 2022. Vinavyouzwa kwenye vibanda ni nakala, na nakala hazilingani. Nyingi zilizoandikwa 2.1 zimepunguzwa uwezo: amri nyingine hazizielewi kabisa. Zinazoandikwa 1.5 mara nyingi hufanya kazi vizuri zaidi, ingawa kampuni yenyewe haikuwahi kutoa toleo lenye namba hiyo. Kwa hiyo kibandiko kisikudanganye. Cha pili, hiki cha dola 12, nilikinunua kwa masharti: muuzaji mwingine, kijana mwelewa, alikubali nikijaribu kwenye gari lililoegeshwa mbele ya kibanda chake kabla sijatoa pesa. Kiliungana ndani ya sekunde chache, sindano ya mzunguko wa injini ikatokea kwenye simu na ikapanda nilipokanyaga. Nikalipa.

Programu kwenye simu nilianza na Torque ya bure, baadaye nikahamia Car Scanner kwa kuwa inaonyesha mambo mengi kwa mpangilio. Zote mbili zinasoma kode. Mwenye iPhone ajue kwamba vidude hivi vya bluetooth ya kawaida havizungumzi na simu yake. Atafute cha wifi au cha bluetooth ile ya nishati ndogo.

Nikasoma. Kode moja tu: P0753.

Kode nyingi za giaboksi huanza na P07. Hii ya kwangu simu iliitafsiri kuwa elektrovane A ya kubadilisha gia, tatizo la umeme. Elektrovane, au solenoidi, ni koili ndogo ndani ya giaboksi inayofungua na kufunga njia ya mafuta. Kompyuta ikiipa umeme, mafuta yanapita upande fulani na gia inaingia. Na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo, kwa kuwa pesa nyingi zinapotelea hapa. Kode P0750 inasema elektrovane A haifanyi kazi inavyotakiwa. Kode P0753 inasema saketi ya umeme ya elektrovane A ina hitilafu. Tofauti ni tarakimu moja ya mwisho, lakini ya pili inazungumzia njia nzima: koili, plagi, waya, mpaka kompyuta yenyewe. Mtu akisoma haraka anaona neno elektrovane, anakimbilia kununua elektrovane, wakati skana imemwonyesha barabara tu, na shimo bado hajalitafuta.

Shimo unalitafuta kwa multimeta, yaani kipimo cha umeme cha mkononi. Yangu ni ya maabara ya shule, lakini za dola 7 zipo na zinatosha. Kwenye RAV4 hii plagi kubwa ya giaboksi iko chini ya betri, kwa hiyo nilitoa betri (kode nilikuwa nimeshaiandika) pamoja na sinia lake. Nilipakua mchoro wa nyaya wa gari hili, kurasa mbili, nikatambua vijiti viwili vya elektrovane ile. Kwanza niligusanisha ncha za multimeta zenyewe kwa zenyewe: 0.4. Huo ni ukinzani wa nyaya za kipimo, lazima uutoe. Kisha nikapima koili kupitia plagi: 5.7. Toa 0.4, unabaki na omu 5.3. Toyota inaandika kati ya 5.0 na 5.6 kwenye nyuzi joto 20. Koili ilikuwa nzima kabisa. Giaboksi iliyosemwa imekufa ilikuwa inanijibu kwa namba iliyo katikati kabisa ya kipimo cha kiwandani.

Nilikaa juu ya ndoo pale uani, nikamwita mama watoto aje aone namba ile. Aliuliza, "Hiyo ni nzuri au mbaya?" Nikamwambia ni nzuri kuliko mshahara.

Basi kama koili ni nzima, kidonda kiko kwenye nyaya. Niliufungua utepe mweusi uliofunga fungu la nyaya linalopita chini ya sinia la betri. Kwa macho zote zilikuwa salama, mpira haujachubuka popote. Nikafanya walichonifundisha wazee wa redio nilipokuwa mwanafunzi: ukamate waya kwa vidole viwili, kila baada ya sentimita tano, uuvute polepole. Waya mzima haunyooki. Wa tano niliouvuta ulinyooka kama mpira wa soksi. Ndani yake shaba ilikuwa imekwisha, ganda limebaki peke yake. Nilipolipasua kwa wembe, ikamwagika unga wa kijani. Ni asidi ya betri. Betri ya zamani ilikuwa ikifurika, maji yake yakashuka tone kwa tone kupitia tundu la sinia, yakaingia kwenye waya pale ulipokuwa na ufa mdogo usioonekana, na kwa miaka yakaila shaba kimya kimya. Siku za jua shaba iliyobaki iligusana, gari likaenda. Siku za mvua na mtikisiko, iliachana.

Matengenezo yalichukua saa moja na nusu. Nilikata sentimita 15 za waya ulioharibika, nikaendelea kukata mpaka nikakuta shaba inayong'aa, nikaunga waya mpya wa unene ule ule kwa kulehemu kwa risasi, nikauvalisha mpira unaobana kwa joto. Pale chini nikapaosha kwa magadi ya kuokea yaliyokorogwa kwenye maji, mpaka povu likaacha kutoka. Sinia nikalipaka rangi. Ukiunga waya chini ya betri, usiukunje tu na kufunga utepe. Unyevu wa Bukavu utakurudisha pale pale baada ya miezi mitatu.

Nikarudisha betri, nikafuta kode, nikapanda Kadutu. Gia ya kwanza, ya pili, laini. Jumapili nikaenda nalo barabara ya Kavumu, mahali ambapo unaweza kushika mwendo wa 70 bila kuvunja kitu, simu ikiwa kwenye kishikio inaonyesha mzunguko wa injini. Ukishika mwendo huo bila kukanyaga zaidi, unaona mzunguko unashuka ghafla kwa mia kadhaa wakati konvata, kile kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi, inapojifunga na kuiunganisha injini moja kwa moja na giaboksi. Ilijifunga, ikafunguka nilipoachia, ikajifunga tena. Mama watoto alipanda Ngomo wiki iliyofuata na magunia sita. Mpaka leo kode ile haijarudi.

Hesabu: skana 12, mpira wa kubana na risasi 3, waya nilipewa bure. Na ile ya dola 6 iliyokufa, nitaihesabu pia kwa haki: 21.

Habari ingeishia hapo kama mtaa haungejua. Mtaa ulijua. Tangu wakati huo nimesoma nayo magari kumi na matatu, na ndiyo maana naandika tathmini hii sasa. Gari moja halitoshi kusifu kifaa wala kukilaumu.

Kwenye magari yaliyotoka Ulaya na Marekani haijanikatalia. Marekani ililazimisha mfumo huu wa plagi ya mashimo 16 kwa magari ya kuanzia modeli za 1996, na Ulaya ikalazimisha kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Yetu ni ya 2003 kutoka Ubelgiji, kwa hiyo ilijibu mara moja. Shida ni Wajapani, na nusu ya mji wetu ni Wajapani wa usukani wa kulia. Toyota nyingi zilizouzwa Japani miaka ile zina plagi yenye umbo lile lile lakini lugha nyingine. Skana inachomeka vizuri, inapata umeme, taa zake zinawaka, na simu inaandika haijaunganika. Mtu anadhani kifaa kibovu. Nyingine zinafunguka ukiingia kwenye mipangilio ya programu na kuweka amri maalumu za kuanzisha mazungumzo. Kwangu zilifunguka mbili, tatu zikakataa kabisa.

Mojawapo ya zilizokataa ni Carina ya 1999 ya mzee jirani yangu, dereva wa teksi. Taa yake ya O/D OFF (O/D ni overdrive, gia ya juu kabisa) ilikuwa inameta yenyewe bila mtu kugusa kitufe. Hapo skana ya dola 12 haikunisaidia chochote, ila Toyota walishaweka njia isiyohitaji skana. Kwenye plagi ile ile ya mashimo 16, unaunganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, kitufe cha O/D kikiwa kimewashwa, kisha unahesabu mimeto. Ikimeta mfululizo bila kupumzika, hakuna kode. Ya mzee ilimeta mara sita, ikapumzika, ikameta mara mbili, ikapumzika zaidi, ikarudia. Sita na mbili: 62, elektrovane namba 1. Mzee aliketi kiti cha abiria akihesabu kwa sauti, na tulipolingana mara ya tatu akashika mkono wangu akasema, "Mwalimu, kumbe gari lilikuwa linasema siku zote hizi."

Yake haikuwa waya. Koili ilitakiwa kusoma kati ya omu 11 na 15, multimeta haikusoma kitu. Tulimwaga mafuta, tukashusha sampu, yaani karai la mafuta chini ya giaboksi, Jumamosi uani kwake, tukabadilisha elektrovane kwa iliyotoka kwenye Carina nyingine iliyovunjwa, tuliyoipima kwanza mezani kabla ya kuilipia. Sumaku ndani ya sampu zilikuwa na tope la kijivu, laini kama dawa ya meno. Hilo ni la kawaida. Ukikuta vipande vya chuma vinavyokwaruza kidole, funga sampu, usitumie pesa zaidi kwenye elektrovane. Ndani kumeshavunjika kitu. Gasketi mpya, mafuta mapya ya aina iliyoandikwa juu ya kijiti chenyewe, na kuyamimina kidogo kidogo kupitia tundu la kijiti kwa faneli ndefu.

Kupima kiwango kulitupa kazi kuliko kufungua bolti. Mafuta ya otomatiki ya Toyota yenye kijiti hupimwa yakiwa na joto la nyuzi 70 hadi 80, injini ikizunguka, baada ya kupitisha mkono wa gia kwenye nafasi zote na kurudi P, gari likiwa sehemu tambarare. Tambarare! Bukavu! Kwenye mteremko kijiti kinakudanganya, unaongeza mafuta yasiyohitajika, yanatoka povu, na gia zinaanza kuteleza kwa kosa lako mwenyewe. Tulikwenda mpaka kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wa shule yetu, nikaomba ufunguo kwa mlinzi. Na kwa mteremko huo huo, asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Mawe makubwa nyuma ya matairi, stendi za chuma chini ya chasi, halafu ndiyo uingie. Hili nalisema kwa uzito wote nilio nao.

Lipo gari la tatu ninalolikumbuka kwa huzuni. Kijana alikuja na teksi yake, ya pili katika maisha yake, amekopa kuinunua. Ikipanda, injini inanguruma, gari haliongezi mwendo. Skana iliungana, ikaandika hakuna kode. Alifurahi, akadhani amepona. Nikamwomba tupande naye kidogo: kwenye simu mzunguko ulifika 4,000 na mwendo ulibaki 20. Tulipochomoa kijiti, mafuta yalikuwa meusi, yananuka kama mkate ulioungua. Plati za ndani, zile zinazobanana ili gia ishike, zilikuwa zimekwisha. Kompyuta za magari mengi ya umri huu mara nyingi hazioni plati zilizokwisha. Zenyewe huangalia zaidi umeme, na umeme wake ulikuwa sawa. Kwa hiyo kwenye giaboksi inayoteleza, pua na kijiti vinatangulia, skana inafuata. Nilimwambia ukweli kwamba hiyo si kazi ya uani, aanze kuweka akiba, na asiruhusu mtu amuuzie elektrovane. Alinyamaza kwa muda mrefu.

Malalamiko yangu kwa kifaa, maana yapo. Ukikisahau kwenye plagi kinaendelea kunywa betri usiku kucha, kwa kuwa tundu la 16 lina umeme hata gari likiwa limezimwa. Mara moja tulikuta gari haliwaki saa kumi na mbili asubuhi, siku ya safari. Maelezo ya kode yanakuja kwa Kiingereza au Kifaransa kifupi mno. Kitufe cha kufuta kode kiko karibu sana na cha kusoma, na kidole cha haraka kinafuta kabla hujaandika. Na kwenye magari ambayo giaboksi ina kompyuta yake tofauti na ya injini, mara nyingi utapata P0700 peke yake. Maana yake ni kwamba kompyuta ya giaboksi ina lalamiko, kaiulize yenyewe. Kifaa cha bei hii mara nyingi hakina uwezo wa kwenda kuiuliza. Mwenye gari la namna hiyo atafute mtu mwenye skana kubwa, na amlipe kwa kusoma tu, kabla ya kazi yoyote.

Pamoja na hayo nakipa nyota nne kati ya tano, na kwa mwenye Toyota ya Ulaya, tano. Ukienda kununua, nenda na gari mpaka mlangoni, weka programu kwenye simu tangu nyumbani, ona mzunguko wa injini ukipanda kwa macho yako, kisha utoe pesa. Muuzaji akikataa jaribio, nenda kibanda kinachofuata.

Kile cha dola 6 sikukitupa. Nilikifungua, nikang'oa saketi yake, nikabaki na plagi ya vijiti 16 tupu, nikaunga waya mfupi na swichi kati ya kijiti cha 4 na cha 13. Kipande cha waya kilikuwa kinanitia hofu, maana ukikosea tundu ukagusa la 16 unaunguza fyuzi au zaidi. Sasa kwa Wajapani nachomeka plagi hiyo, nabonyeza swichi, naketi na kuhesabu. Mzee wa Carina ndiye huja kuiazima zaidi, na huirudisha kila mara ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa plastiki.